Damu Iliayo toka Ardhini: Riwaya za Upelelezi, Makosa ya Kale na Huduma ya Maungamo

UTANGULIZI

Wachungaji wengi husoma riwaya za upelelezi, lakini ni wachache wanaozitaja mimbarani au darasani. Riwaya hizo huhesabiwa kuwa vitabu vya kupumzisha akili safarini, na mara nyingi ndivyo zilivyo. Hata hivyo, iko aina moja ambayo yastahili kutazamwa kwa makini zaidi na wanafunzi wa theolojia. Ni ile inayounganisha mauaji ya leo na makosa ya jinai yaliyotendwa zamani, makosa ambayo wahusika waliamini kwamba yamekwisha kuzikwa. Aina hii inagusa mambo ambayo ni kiini cha huduma yetu: dhambi iliyofichwa, maungamo, na haki ya wale waliodhulumiwa.

Katika makala hii tutaeleza kwanza jinsi riwaya hizi zinavyojengwa. Pili, tutatazama mifano kutoka Afrika Mashariki na kwingineko. Tatu, tutazilinganisha na Maandiko Matakatifu. Nne, tutaonyesha tofauti iliyopo kati ya mpelelezi na mpiga ramli. Mwisho tutauliza riwaya hizi zina neno gani kwa mhudumu wa usharika aliye Nyamiaga, au mahali pengine popote katika wilaya za Ngara na Biharamulo.

Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na daraja la Rusumo juu ya mto Kagera ndilo mlango wake wa kuingilia Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu takriban 250,000 walivuka daraja hilo katika muda wa siku moja hivi, wakaja kukaa Benaco na katika makambi mengine yaliyofunguliwa baadaye. Walio wengi walikuwa ni watu wenye hofu na njaa, wanawake, wazee na watoto. Lakini miongoni mwao walikuwapo pia watu waliokuwa wameua jirani zao wiki chache tu kabla ya hapo. Wote walipanga foleni moja ya maji. Kwa hiyo msomaji wa Ngara hahitaji riwaya imfundishe kwamba mtu aweza kuwa na jana isiyojulikana. Anachoweza kukipata katika riwaya ni njia ya kulifikiri jambo hilo kwa utaratibu.

1. UMBO LA RIWAYA HIZI

Mwaka 1966 mhakiki Tzvetan Todorov alieleza kwamba kila riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili ndani yake. Ya kwanza ni hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka kabla ya kitabu kuanza. Ya pili ni hadithi ya uchunguzi, ambayo ndiyo tunayoisoma. Ya kwanza haionekani. Ya pili inaifunua hatua kwa hatua.

Katika aina tunayoizungumzia, hadithi hizo huwa tatu. Nyuma ya mauaji ya leo kuna kosa la zamani, na mpelelezi hawezi kulifumbua la leo asipolifukua lile la jana. Anaanza kwa kuuliza ni nani aliyemwua mtu huyu, na baada ya kurasa kadhaa anajikuta akiuliza ni nini kilichotokea hapa miaka ishirini iliyopita, na kwa nini hakuna anayetaka kusema.

Uhusiano kati ya makosa hayo mawili, la kale na la leo, huwa wa namna tatu. Namna ya kwanza ni kisasi: aliyedhulumiwa zamani, au jamaa yake, anarudi na kuua. Namna ya pili ni uficho: mkosaji wa zamani anaua tena ili jambo lake lisijulikane. Namna ya tatu ni urithi: jamii nzima imejenga maisha yake juu ya dhuluma ya kale, na mauaji ya leo yanaota kama magugu katika shamba lile lile. Mchungaji ataona mara moja kwamba kila namna inaleta swali lake la kichungaji. Katika kisasi tunamwuliza aliyeumizwa: hasira yako umeipeleka wapi? Katika uficho tunamwuliza mkosaji: unaogopa nini zaidi, Mungu au watu? Katika urithi tunajiuliza sisi sote: tunakula matunda ya nini?

2. MIFANO

(a) Kisasi

Mfano unaojulikana sana ni kitabu cha Agatha Christie, Murder on the Orient Express, cha mwaka 1934. Tajiri mmoja anakutwa amechomwa kisu ndani ya garimoshi lililokwama thelujini. Inagunduliwa kwamba marehemu alikuwa ametumia jina la bandia, na kwamba zamani alimteka nyara na kumwua mtoto mdogo, kisha akaponyoka mkono wa sheria. Waliomchoma ni watu kumi na wawili, kama idadi ya wazee wa baraza la mahakama ya Kiingereza. Wote walikuwa na uhusiano na familia ya mtoto yule. Mpelelezi Poirot anaujua ukweli, lakini anakubali wasipelekwe polisi. Wasomaji wengi hufurahi. Mwanafunzi wa theolojia afurahi polepole, kwa maana kitabu kinamwachia swali zito: je, pale sheria ya serikali iliposhindwa, watu kumi na wawili wanaweza kujitwalia upanga ambao Mtume Paulo katika Warumi 13 anasema umekabidhiwa mamlaka?

(b) Uficho

Friedrich Dürrenmatt, mwandishi wa Uswisi aliyekuwa mtoto wa mchungaji, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 riwaya iitwayo Der Verdacht, yaani Shuku. Mkuu wa upelelezi Bärlach amelazwa hospitalini, mzee na mgonjwa. Katika gazeti anaona picha ya daktari aliyewapasua wafungwa bila dawa ya usingizi katika kambi ya Wanazi ya Stutthof. Anaanza kushuku kwamba daktari huyo ndiye mwenye zahanati ya matajiri mjini Zürich, mtu anayeheshimiwa na wote. Jambo la kuzingatiwa ni hili: uchunguzi wenyewe unaleta kifo kipya, maana mwandishi wa habari maskini anayetumiwa na Bärlach kumtia daktari hofu anauawa. Dürrenmatt hamruhusu mpelelezi wake kutoka mikono ikiwa safi kabisa.

Nchini Ufaransa, Didier Daeninckx alitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 riwaya iitwayo Meurtres pour mémoire. Mwalimu wa historia anapigwa risasi mjini Paris tarehe 17 Oktoba 1961, usiku ule ambao polisi waliwaua waandamanaji wa Kialgeria. Miaka ishirini baadaye mwanawe anauawa mjini Toulouse baada ya kusoma nyaraka za kale. Inspekta Cadin anagundua kwamba baba na mwana walikuwa wamefikia faili moja: orodha za Wayahudi waliosafirishwa kupelekwa kuuawa wakati wa Vita Kuu ya Pili, zilizotiwa sahihi na ofisa aliyeendelea kupanda cheo baada ya vita. Wasomaji wa Ufaransa walimfikiria mara moja Maurice Papon, ambaye alikuwa ofisa wa serikali Bordeaux wakati wa vita na mkuu wa polisi wa Paris mwaka 1961. Mwaka 1998 mahakama ilimhukumu Papon kifungo cha miaka 10 kwa kushiriki katika makosa dhidi ya ubinadamu. Basi riwaya ilitangulia kufika mahali ambapo mahakama ilichelewa kufika.

Karibu nasi zaidi iko Nairobi Heat ya Mukoma wa Ngugi, iliyotoka mwaka 2009. Maiti ya msichana wa Kizungu inakutwa mlangoni pa nyumba ya profesa Mnyarwanda huko Madison, Marekani. Profesa huyo anasifiwa duniani kwa kuwaokoa watu wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mpelelezi Mmarekani mweusi anaambiwa kwa simu kwamba ukweli uko Nairobi, naye anasafiri kuutafuta. Kadiri anavyosonga mbele ndivyo sifa za yule shujaa zinavyozidi kutia mashaka. Swali la kitabu ni gumu: je, jina jema la mtu mbele ya watu laweza kuwa ndiyo mahali pazuri pa kujificha?

(c) Urithi

Kwa namna ya tatu tunaye Ngũgĩ wa Thiong'o na riwaya yake Petals of Blood ya mwaka 1977. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wanakufa katika moto mjini Ilmorog, na Inspekta Godfrey anawahoji watu wanne. Mmoja wa marehemu, Kimeria, alikuwa amewasaliti wapigania uhuru wakati wa Mau Mau, na usaliti huo ulimpeleka kijana mmoja kitanzini, kisha akatajirika. Kila mshukiwa ana sababu yake ya kumchukia. Lakini aliyewasha moto ni Munira, mwalimu wa shule aliyeokoka siku za karibuni, ambaye amejiaminisha kwamba Mungu anamtuma kuichoma nyumba ya uovu. Viongozi wa Kanisa wasiuruke ukurasa huo. Mwandishi anaonyesha dhuluma ya kweli iliyozaa utajiri, na papo hapo anaonyesha bidii ya dini iliyokosa toba, ambayo inajifanya hakimu na mnyongaji kwa pamoja.

(d) Bwana Msa kwenye mzimu

Hatuwezi kuiacha fasihi ya Kiswahili yenyewe. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Ali Bomani anakutwa ameuawa penye mzimu wa wahenga. Mahali penyewe panawaalika watu waseme kwamba ni mizimu iliyoua. Bwana Msa, mwenye kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, hakubali jibu hilo. Anaitafuta mikono ya binadamu. Katika vitabu vyake vilivyofuata, kama Kisima cha Giningi (1968), Abdulla aliendelea kufukua siri za koo na nasaba zilizofichwa nyuma ya heshima ya mji. Bara nako Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Basi tangu mwanzo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imesimama juu ya kanuni hii: watu wa kale wanahusika kweli na vifo vya leo, lakini wanahusika kwa yale waliyotendeana walipokuwa hai, wala si kwa uchawi wa makaburini.

3. MAANDIKO NAYO YANAFUKUA

Msomaji wa Biblia haoni jambo geni hapa. Uchunguzi wa kwanza wa mauaji umo katika Mwanzo 4. Kaini anaulizwa alipo ndugu yake, anajibu kwa ukali, na anaambiwa kwamba damu ya Habili inalia kutoka ardhini. Angalia kwamba Mungu anauliza swali ambalo jibu lake analijua. Haulizi ili apate habari, bali ili Kaini apate nafasi ya kusema mwenyewe. Hapo pana tofauti kubwa kati ya Mungu na mpelelezi: swali la mpelelezi ni mtego, swali la Mungu ni mlango.

Katika Mwanzo 42 ndugu zake Yusufu wamesimama Misri mbele ya mtawala wasiyemtambua, nao wanashtakiwa ujasusi ambao hawakuufanya. Mara wanaanza kusemezana juu ya kosa walilolifanya miaka mingi nyuma, walipoyaona mateso ya ndugu yao wasimsikilize. Shitaka la uongo la leo limeamsha hatia ya kweli ya jana. Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani anamletea Daudi kesi ya mwana-kondoo wa maskini, na mfalme anatoa hukumu kali kabla hajajua kwamba mshitakiwa ni yeye mwenyewe. Katika 1 Wafalme 21 Eliya anamkuta Ahabu ndani ya shamba la Nabothi, yaani katika mahali pa uhalifu, akilifurahia.

Kisa kinachofanana zaidi na namna ya tatu, ile ya urithi, kimo katika 2 Samweli 21. Njaa ya miaka mitatu inamfanya Daudi aulize sababu, naye anajibiwa kwamba ni kwa ajili ya damu ya Wagibeoni, ambao Sauli aliwaua kinyume cha agano. Sauli amekwisha kufa, lakini damu haijakwisha kusema. Kisha wanatolewa watu saba wa uzao wake, wanauawa, na mama mmoja jina lake Rispa anatandika gunia juu ya mwamba, akailinda mizoga mchana na usiku dhidi ya ndege na wanyama. Wahubiri wengi hukikwepa kisa hiki, maana dawa yake inatisha sawa na ugonjwa. Lakini tukisome mpaka mwisho: nchi haitajwi kuwa imesikilizwa na Mungu mara tu baada ya kisasi, bali baada ya Daudi, aliyeguswa na habari za Rispa, kuikusanya mifupa na kuizika kwa heshima. Wakazi wa kando ya Kagera wanalielewa jambo hili. Mwaka 1994 mto huo ulichukua maiti kwa maelfu kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na wavuvi na wanavijiji wa Uganda huko Kasensero na kwingineko wakawazika watu ambao hawakuyajua majina yao. Walifanya kazi ya Rispa.

4. MPELELEZI NA MPIGA RAMLI

Hapa ni lazima tutoe onyo, kwa sababu katika Kanda ya Ziwa kuna njia nyingine ya kuunganisha kifo cha leo na kosa la zamani. Mtoto anapokufa, au ng'ombe wanapoisha, watu huenda kwa mpiga ramli. Yeye huwaambia kwamba chanzo ni bibi fulani, ambaye alikuwa na ugomvi na familia miaka ile, na ambaye macho yake ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Wanawake wazee wengi wameuawa hivyo, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Sheria juu ya mambo haya si ngeni: Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, na mwezi Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwazuia waganga wapiga ramli, wakati nchi ilipohuzunishwa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino.

Kwa sura ya nje mpiga ramli na mpelelezi wanafanana: wote wawili wanasema kwamba kifo hiki kina historia. Lakini wanakwenda njia mbili zinazopingana. Mpelelezi anaanza na maiti, anakusanya ushahidi, na anafika kwa mkosaji mwishoni. Mpiga ramli anaanza na mtu ambaye watu wamekwisha kumchukia, kisha anarudi kuitafutia chuki hiyo kifo cha kuihalalisha. Mpelelezi aweza kukosolewa, maana amesema sababu zake hadharani. Mpiga ramli hakosolewi, maana hana sababu ila sauti aliyoisikia peke yake.

Kisa cha Susana, kilichomo katika vitabu vya Apokrifa ambavyo Luther alivihesabu kuwa vyafaa kusomwa, kinatufundisha njia iliyo bora. Wazee wawili wanaoheshimiwa wanamshitaki mwanamke asiye na hatia, na mkutano unawaamini kwa sababu ya cheo chao. Kijana Danieli anawatenganisha, anamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani waliona tendo lile, na majibu yao yanapingana. Mwanamke anaokoka kwa swali moja rahisi lililoulizwa kwa utaratibu. Mzee wa Kanisa katika kijiji ambacho bibi fulani anaanza kunong'onwa afanye vivyo hivyo: awatenganishe wanaonong'ona, aulize nani aliona nini, lini na wapi, na asiruhusu mkutano wa hadhara kuwa mahakama. Mara nyingi uvumi hufa unapotakiwa kutaja mti wake.

5. MPAKA WA RIWAYA: SHERIA BILA INJILI

Pamoja na manufaa yake, riwaya ya upelelezi ina mpaka ambao hauwezi kuuvuka. Inaishia pale mkosaji anapotajwa. Wote wamekusanyika sebuleni, mpelelezi ananyosha kidole, na kila mtu mwingine anashusha pumzi kwa kuwa kidole hakikuelekea kwake. Hiyo ndiyo raha ya kitabu, na hiyo ndiyo hatari yake. Mmoja anabeba hatia, wengine wanarudi nyumbani wakiwa wenye haki machoni pao wenyewe. Katika lugha yetu twaweza kusema kwamba riwaya inaijua kazi ya Sheria, yaani kufunua dhambi, lakini haina neno la Injili la kumwambia aliyefunuliwa.

Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 alieleza Amri ya Tano kwa namna inayovunja raha hiyo. Anafundisha kwamba hatia ya kuua haiko kwa yule tu aliyetoa pigo, bali pia kwa yule aliyeweza kumwokoa jirani yake asifanye hivyo. Mbele ya amri iliyoelezwa hivyo, sebule nzima inabaki kimya. Nani aliyejua na hakusema? Nani aliyefunga mlango? Waandishi bora wa aina hii, kama Dürrenmatt na Ngũgĩ, wanalikaribia jambo hilo, na ndiyo maana vitabu vyao havimwachi msomaji akilala vizuri.

Aidha, riwaya haijui la kufanya na toba. Mkosaji wake ama anakamatwa, ama anakufa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya kumi na mbili, linasema toba ina sehemu mbili: majuto yanayoishika dhamiri kwa kuijua dhambi, na imani inayozaliwa na Injili, kisha matendo mema yafuate kama matunda. Riwaya inaweza kutufikisha katika sehemu ya kwanza. Ya pili si kazi yake, ni yetu.

6. NENO KWA MHUDUMU WA USHARIKA

Tuyalete haya yote nyumbani. Wakimbizi wa Rwanda walitakiwa kurudi kwao ifikapo mwisho wa Desemba 1996. Walio wengi walirudi, wengine walitawanyika. Miaka ikapita. Tarehe 20 Juni 2001 alikamatwa mkoani Kigoma mtu aitwaye Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo, yaani ng'ambo ya pili ya daraja lile lile, na ambaye alikuwa amewahi kukaa Benaco. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani mwezi Juni 2004 kwa mauaji ya kimbari na makosa mengine, pamoja na mauaji ya watu waliokimbilia katika parokia ya Nyarubuye. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ilimhukumu kifungo cha maisha. Mahakama hiyo, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, ikiwa imewahukumu watu 62.

Miongoni mwa waliohukumiwa walikuwamo watumishi wa Kanisa. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista alihukumiwa mwaka 2003. Padre Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange lilibomolewa kwa tingatinga likiwa na waumini ndani, alikutwa akihudumu Italia, karibu na Florence, kwa jina jingine. Mwaka 2008 hukumu yake ikawa kifungo cha maisha. Hatuwataji ili kuyanyoshea kidole makanisa mengine. Tunawataja kwa sababu waliowapokea baadaye walikuwa Wakristo wema waliotaka kumsaidia mtumishi aliye mashakani, na hawakuuliza.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tofauti kati ya ukarimu na ushuhuda ilindwe. Mgeni apewe chakula, dawa na mahali pa kulala pasipo kuhojiwa. Ndivyo Kanisa lilivyofanya mkoani Kagera, na shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, lilikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo. Lakini barua ya utambulisho ni ushuhuda. Mchungaji asitie sahihi kwamba anajua mwenendo wa mtu ambaye mwenendo wake haujui. Aandike lile analolijua: mtu huyu amekuwa nasi tangu mwezi fulani.

Pili, siri ya maungamo itunzwe, na maana yake ifahamike. Siri hiyo inamlinda anayetubu. Haikuwekwa ili kulilinda kosa. Anayeungama mauaji asikie ondoleo la dhambi, wala tusiliuze ondoleo hilo kwa masharti. Lakini pia aelezwe kwamba ondoleo si hati ya tabia njema, na kwamba Zakayo katika Luka 19, baada ya wokovu kuingia nyumbani mwake, alisema habari za kurudisha. Mchungaji amshike mkono mwenye kutubu, amshauri ajipeleke mbele ya sheria, na aseme yuko tayari kwenda pamoja naye hadi mlango wa kituo na kumtembelea gerezani baadaye. Neema isiyotuma mtu popote ndiyo ile ambayo Dietrich Bonhoeffer mwaka 1937 aliiita neema ya bei rahisi.

Tatu, aliyedhulumiwa asikilizwe kabla ya kuhimizwa kusamehe. Katika mahubiri yetu neno la msamaha huja upesi mno, na mara nyingi huambiwa mjane kabla halijaambiwa aliyemfanya awe mjane. Nchini Rwanda mahakama za gacaca, zilizofungwa mwezi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, zilikuwa na kasoro zake. Lakini ziliwapa watu wengi jambo moja ambalo hawakulipata kwingine: kuambiwa ni wapi mifupa ya jamaa zao ilipo.

Nne, mchungaji asijigeuze mpelelezi. Akianza kuwinda siri za washarika wake, hakuna atakayemwendea tena kwa hiari. G. K. Chesterton, aliyemtunga Padre Brown katika kitabu cha mwaka 1911, alimfanya padre wake ajue uovu kwa sababu amekaa miaka mingi akisikiliza dhambi za watu. Ujuzi wa namna hiyo unakuja kwa wale wanaokaa tayari kusikia. Hauji kwa wale wanaochungulia.

HITIMISHO

Tumeona kwamba riwaya inayounganisha mauaji ya leo na makosa ya kale inafundisha jambo ambalo Maandiko yalikwisha kulisema: muda peke yake haufuti hatia. Tumeona kwamba inatusaidia kumkataa mpiga ramli, kwa kuwa inadai ushahidi. Na tumeona mahali inapokomea, pale ambapo mkosaji ametajwa na hakuna aliye na neno la kumwambia.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, unataja damu ya kunyunyizwa inenayo mema kuliko ile ya Habili. Damu ya Habili haikunyamazishwa ili damu ya Kristo isikike. Zote mbili zinasema, na mhubiri anatakiwa kuzisikia zote mbili. Akiisikia ya Habili tu, atakuwa mpelelezi na mwisho wake ni mlango wa gereza. Akitaka kuisikia ya Kristo tu, huku ameziba masikio kwa ile nyingine, atawafariji wauaji na kuwaacha wajane nje. Usharika ulio kando ya mto Kagera, wenye jirani wa kila upande, hauwezi kuishi kwa nusu ya habari hiyo.